Mgeni wa Tanga na Hesabu ya Maji: Mwongozo Kamili wa Kuogelea, Kutembea na Kuishi Pwani

Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, na hakuna anayeufuata kama bahari yao. Mgeni aliyehamishiwa kikazi hushuka ufukweni Jumapili saa 4 asubuhi, kapu la chakula mkononi na watoto wakimtangulia, akakuta maji hayapo. Mbele ni tope na mizizi ya mikoko, na kule mbali akina mama wameinama wakichokoa pweza. Jumapili inayofuata, saa ileile, maji yamejaa hadi kwenye ngazi. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza tu mwezi umefika wapi.

Tunaanzia hapo kwa sababu karibu kila starehe ya nje Tanga, kuanzia kuogelea hadi kupanda boti, inakwenda kwa mwezi. Hata bei ya dagaa. Neno pwani lenyewe limezaliwa na kupwa: ni mahali panapobaki pakavu maji yakitoka. Mtu wa bara akishaijua hesabu hii, mengine yote ni mepesi.

Hesabu ya maji

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kumi na kitu, ndiyo maana kila kukicha saa zinasogea mbele, kwa wastani dakika 50. Ukiwa umeogelea vizuri leo saa 10 jioni, kesho njoo karibu na saa 11.

Kimo nacho hubadilika. Mwezi unapoandama na siku mbili zinazofuata, kisha tena unapokuwa mpevu na siku mbili baada yake, jua na mwezi huwa vimejipanga mstari mmoja na huvuta kwa pamoja. Maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi vinavuta pande tofauti, na maji hujaa kidogo na kupwa kidogo. Hayo ni maji mafu. Bandarini Tanga tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3 siku za bamvua. Maji mafu ni mita 1 hivi.

Lililo zuri zaidi ni kwamba bamvua ya pwani hii ina saa zake na haizihami. Hujaa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake: yanajaa saa 4 hadi saa 5 na nusu, yanapwa saa 10 hadi saa 11 na nusu. Kwa hiyo huhitaji hata simu. Fanya hivi:

1. Tafuta kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Tanga si vigumu kuipata. Ukikosa, jirani anayo.
2. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo hesabu bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 hesabu maji mafu.
3. Kwa siku za katikati, anza na bamvua iliyopita na uongeze dakika 40 kwa kila siku. Ikiwa tarehe 2 maji yalikauka saa 5 asubuhi, tarehe 5 yatakauka karibu saa 7 mchana. Ukikaribia maji mafu, siku moja inaweza kuruka zaidi ya saa nzima, kwa hiyo usiitegemee hesabu hii kupita siku nne tano.
4. Hakikisha kwa jicho. Mwandamo ukitofautiana kwa siku moja, hesabu yako imekosea karibu saa nzima. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji, subiri dakika 15, utajua yanaingia au yanatoka.

Kutokana na hayo, mtu wa ofisini anayetaka kuogelea akitoka kazini atafute siku za bamvua. Familia inayotaka maji ya asubuhi itafute maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya mwamba saa 4 asubuhi arudi kwenye bamvua.

Wanaotumia jedwali la simu hukosea mahali palepale kila mara. Jedwali linasema 10:12, mtu anasoma saa 10 na dakika 12 jioni, kumbe ni saa 4 na dakika 12 asubuhi. Anafika maji yakiwa yamejaa pomoni wakati alitaka makavu. Toa sita kabla hujapanga lolote. Kosa la pili ni majedwali yanayoandikwa kwa saa za Greenwich. Hayo ongeza saa 3. La tatu, kile kimo kinachoandikwa si kina cha maji utakapokanyaga. Kinapimwa kutoka kwenye alama ya karibu na kupwa kwa chini kabisa. Ukiona maji makavu ya mita 0.3, mwamba utakuwa wazi sana. Ukiona mita 1.5, usisumbuke kutembea siku hiyo.

Tena, maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30 tu, na hapo ndipo mgeni anapojiambia kuwa bado kuna muda. Saa ya tatu yanapanda sentimita 90. Mtu aliyesimama penye maji ya kifundo cha mguu anajikuta kiunoni kabla hajamaliza kupiga picha.

Upepo una majira yake

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi huchukua zamu kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, na kati yao kuna wiki za utulivu. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Miezi mizuri zaidi kwa kuogelea na kutazama matumbawe ni ile upepo unapopunguza nguvu: Februari na mwanzo wa Machi, kisha Oktoba na Novemba kati ya mvua na mvua. Juni hadi Agosti kusi hukaza. Hewa ni ya kupendeza, usiku unaweza kujifunika shuka, lakini nje ya ghuba mawimbi si ya mchezo.

Ndani ya siku moja pia kuna mpangilio. Alfajiri hutoka upepo mwepesi wa nchi kavu, umande, na wavuvi wa tanga huondoka nao. Kuanzia saa 5 upepo wa baharini huamka, na alasiri ndio wenye nguvu. Safari yoyote ya chombo kidogo iwe imerudi kabla ya saa 7 mchana.

Kabla ya kupanga jambo lolote la bahari, soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hutoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na hutaja mikoa kwa majina. Tanga ikitajwa, ahirisha. Kusema kwamba hapa mbona shwari si hoja, kwa sababu ghuba imejikunja na haioneshi kinachoendelea nje.

Kuogelea

Ras Kazone ndipo wengi huanzia. Kuna klabu za kuogelea zenye ngazi za kushukia majini, mahali pa kubadilisha nguo na chakula. Unalipa kiingilio na kuingia. Sehemu hizi zinafaa maji yakiwa nusu na kuendelea. Yakipwa, ngazi huishia kwenye mawe yenye chaza, na chaza hukata kama wembe. Sahare na Mwambani zina fukwe za wazi, lakini hakuna wa kukuangalia wala wa kukuuzia maji ya kunywa. Karibu na gati na njia ya meli usiogelee kabisa, na kamera iache mfukoni ukiwa maeneo ya bandari.

Wakati bora wa kuingia ni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada ya kujaa. Maji yanayoingia hukusukuma nchi kavu. Yanayotoka, hasa saa ya tatu na ya nne baada ya kujaa kwa bamvua, yanakuvuta nje, na mkondo mkali zaidi uko kwenye njia nyembamba: kati ya kisiwa na nchi kavu, au penye mlango wa kijito. Kisiwa cha Toten kinachotazamana na mji kinaonekana karibu kiasi cha kumtamanisha kijana mwenye mikono mizuri. Asijaribu kuogelea kwenda huko. Ukijikuta unavutwa, usipigane na mkondo. Elea, pumua, ogelea kwa upande sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye njia yake, ndipo ugeuke kurudi.

Baada ya mvua kubwa subiri siku mbili tatu. Mito ya Zigi na Mkulumuzi humwaga tope na taka kwenye ghuba, maji huwa ya kahawia, na huoni unakanyaga nini. Ukienda kutembea Pangani, mtoni usiingie hata kuosha miguu, mamba wapo.

Mavazi: wanawake wengi huogelea na dera, suruali nyepesi au kanga, na hakuna anayekutazama mara mbili. Ukivaa nguo ya kuogelea ndani ya klabu ni sawa. Ukitoka, jifunge kanga au kikoi. Mwanamume kupita mtaani kifua wazi kutoka baharini huonekana hana adabu, hata kama hakuna atakayemwambia.

Kutembea maji makavu

Hili wageni wengi hawalijui, nalo ndilo tamu kuliko yote. Siku za bamvua bahari hujifungua mamia ya mita. Unatembea juu ya mchanga uliochorwa mawimbi, majani ya bahari, madimbwi yenye samaki wadogo wa rangi, nyota za bahari, kaa wanaokimbia kwa ubavu. Halipiwi, halihitaji chombo, na watoto hawachoki. Ila ndilo pia linaloweza kukuacha katikati ya maji.

Vaa raba za zamani zenye kamba. Malapa hayafai: tope la mikoko huyang'oa, na ukiinama kuyatafuta unakanyaga chaza kwa mguu mtupu. Beba lita moja na nusu ya maji ya kunywa kwa kila mtu mzima, kofia, na kijiti cha kupapasia mbele. Simu iweke ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa.

Ondoka ufukweni saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa. Tembea nje ukiyafuata yanavyotoka. Yakisimama, geuka. Usingoje yaanze kurudi. Kama kukauka ni saa 4 na nusu, basi saa 4 na nusu uso wako uwe umeelekea nchi kavu, na ukichelewa sana saa 5.

Sababu yake haionekani kwa macho. Mara nyingi mchanga wa karibu na ufukwe uko chini kuliko ule wa nje, na kati yao kuna mfereji ulioukanyaga ukiwa na maji ya kiganja wakati wa kwenda. Maji yakirudi hayaji kwa mbele yako kama wimbi. Yanapita pembeni, yanajaza mfereji ule kwanza, na wewe bado umesimama pakavu ukifurahi. Unapogeuka, njia imekatika. Kwa hiyo unapokwenda, kila ukivuka mfereji tazama nyuma na uweke alama: mti mrefu, mnara wa simu, paa la nyumba. Ukirudi ukakuta umeshajaa hadi pajani na una watoto, vukeni sasa hivi mkiwa mmeshikana, mkubwa upande unakotoka mkondo. Baada ya dakika 20 hautavukika.

Chunga mguu unapotua. Kuna viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu, wanaonekana na ni rahisi kuwakwepa. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na samaki jiwe hawaonekani. Taa hujifukia mchangani penye maji ya goti, na dawa yake ni kuburuza mguu badala ya kuunyanyua, akihisi mtikisiko hukimbia. Samaki jiwe hufanana na jiwe lenye ukungu na hakimbii, ndiyo maana ya raba na kijiti. Kome zenye umbo la pia, zile za mistari mizuri, usiziokote: baadhi zina mwiba wa sumu kali. Wala matumbawe usiyakanyage. Yale ni viumbe hai, ukivunja kipande cha ukubwa wa kiganja umeharibu kazi ya miaka.

Ukiwakuta akina mama wanachokoa pweza au kukusanya kombe, toa salamu kwanza. "Shikamoo bibi, habari za kazi? Maji yanasimama saa ngapi leo?" Jibu utakalopewa, "Mwanangu, yakifika lile jiwe uondoke," lina thamani kuliko jedwali lolote. Usisimame juu ya shimo wanalolichokoa na usiwapige picha bila ruhusa.

Kukodi boti

Deep Sea na Sahare kuna wenye boti za faiba, mashua na ngalawa. Patana bei ya chombo kizima, kwenda na kurudi, si kwa kichwa, na taja saa ya kurudi mbele ya nahodha na msaidizi wake. Lipa nusu, nusu nyingine mkitia mguu nchi kavu.

Kagua kabla hamjaondoka: jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na livaliwe, lisikaliwe kama mto. Makasia mawili hata kama kuna mashine. Mafuta ya kwenda, ya kurudi, na theluthi ya akiba. Plagi ya ziada na spana yake. Kopo la kuchotea maji yanayoingia chomboni. Chombo kikishapakiwa, kati ya maji na ukingo kibaki kiasi cha mkono mzima kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Kikibaki kiganja, watu wawili washuke, na aibu iwe kwenu kuliko msiba. Wakati wa safari watu wakae katikati. Wakijaa tezi, yaani nyuma ya chombo, omo, yaani mbele yake, hunyanyuka na nahodha haoni mbele.

Safari maarufu ya mkoa ni Maziwe, nje ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Panga kwa siku za bamvua ili ulikute kavu saa 4 asubuhi kabla upepo haujakaza. Hakuna hata kivuli cha kumficha kuku, kwa hiyo beba mwavuli, mafuta ya kukinga jua na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo. Mgongo wa anayetazama matumbawe huungua bila yeye kujua. Ni eneo la hifadhi na lina kiingilio. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, kwa simu au benki, basi uliza namba hiyo mapema badala ya kuhangaika na mtandao mkiwa majini.

Baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani. Ardhi ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea, hata mgeni wa jana hapotei. Ile Phoenix nzito ya gia moja inatosha. Panga tandiko hivi: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke. Likipinda sana utaumwa magoti kabla hujafika Nguvumali.

Adui ni chumvi. Baiskeli iliyoburuzwa ufukweni ioshwe siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, ifutwe, na cheni itiwe mafuta tone moja kila kiungo kwa upande wa ndani, kisha mafuta ya juu yafutwe kwa kitambaa; yakibaki yananasa mchanga na cheni inalika kama imepigwa tupa. Spoku na nati za magurudumu ndizo hufa kimyakimya. Zipapase kila mwezi, iliyolegea mpelekee fundi.

Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini, njia ya Horohoro. Kwa baiskeli ni dakika 40. Barabara ina malori ya mpakani, kaa kushoto kabisa na ukisikia honi ndefu nyuma toka lami. Ndani ya pango unaingia na mwongozaji: vaa viatu vya kufunika vidole, beba tochi yako, usishike kuta, na mahali pa matambiko usiguse kilichowekwa. Baada ya mvua njia huteleza kama sabuni.

Magofu ya Tongoni yako kilomita 20 hivi kusini, njia ya Pangani. Kuna mabaki ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na mikoko ukishuka kidogo. Hapa tazama upepo kabla ya kuamua. Wakati wa kusi unakwenda ukiwa umekunja uso na kurudi ukisukumwa. Wakati wa kaskazi ni kinyume, unakwenda unaimba, unarudi unalia. Ondoka saa 12 asubuhi, maji lita mbili, pampu, viraka, solushoni na msasa. Ukipata pancha, watu wengi hushindwa kwa haraka: paka solushoni nyembamba, ngoja dakika tano ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Ikibandikwa mbichi hubanduka baada ya kilomita mbili. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba. Ukiuacha umefanya kazi bure.

Samaki na mwezi

Nenda soko la samaki la Deep Sea mapema asubuhi. Samaki wakubwa huuzwa kwa mnada, na mgeni asinyanyue mkono kabla hajasikiliza minada mitatu minne. Wadogo huuzwa kwa fungu: tazama walio chini ya fungu, juu huwekwa wale wenye sura. Mashavu yawe mekundu, jicho limetuna na kung'aa, na ukibonyeza nyama ibonyee na kurudi. Kibua na jodari hasa wasikae juani: wakipata joto hutengeneza sumu isiyotoka kwa kupikwa, mtu akawashwa na kuvimba uso akidhani karogwa. Beba ndoo yenye kifuniko na barafu.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti, hivyo siku za mwezi mpevu dagaa wabichi huadimika na bei hupanda. Nunua wakati wa giza, wakaushe au wagandishe. Pweza ni kinyume kidogo: wanapatikana zaidi kwenye bamvua, miamba inapokuwa wazi.

Nyumba na majirani

Wiki ya kwanza jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho utaihitaji kwa mambo mengi. Nyumba ya karibu na bahari ikague siku ya bamvua, hasa Machi au Septemba ambapo bamvua ni kubwa kuliko zote za mwaka. Kama uwanja unatoa maji siku hiyo, masika utalala na ndoo. Tazama pia misumari ya paa na nondo za dirisha. Kutu ikiwa imeshaanza kupasua saruji, kodi ya chini si nafuu. Karibu na mikoko kuna usubi jioni: funga madirisha kabla ya magharibi, na chandarua kitumike mwaka mzima.

Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 maduka mengi hufungwa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, hata ufukweni. Baada ya futari mji wote hutoka nje na utakula kuliko siku za kawaida. Na ukitaka kuujua mji, keti barazani penye kahawa chungu na kashata. Usianze na maswali yako. Salimu wote, kunywa kikombe cha kwanza, ndipo uulize maji yamekaaje.

Ukiumia

Mwiba wa taa au samaki jiwe: toka majini, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, nyuzi joto 45 hivi, dakika 30 hadi 90. Yapime kwa mguu usiochomwa, kwa sababu uliochomwa hausikii joto sawasawa na unaweza kuungua. Joto hupunguza nguvu ya sumu. Kisha hospitali, ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Mwiba uliovunjikia ndani usiuchimbe kwa sindano.

Konyeza, wale laini kama ute wanaowasha: suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, toa nyuzi kwa kadi au kijiti, usisugue kwa mchanga. Kidonda cha chaza oshea maji safi na sabuni mara moja hata kikiwa kidogo.

Aliyezama na hapumui: usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, mpe pumzi mbili mdomoni, kisha mikandamizo 30 katikati ya kifua kwa kasi ya mbili kwa sekunde, pumzi mbili tena, bila kukoma, na mwingine apige simu. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Hata akizinduka na kusema mzima, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maji yaliyobaki kwenye mapafu huweza kumrudia saa chache baadaye.